Salfa ya Bahari katika Theluji ya Svalbard

Ndege inayounganisha Longyearbyen na Ny-Ålesund ni ndogo, ya injini mbili za pangaboi, na mizigo yake hupimwa kwa makini kwa sababu barabara ya kwenda huko haipo. Safari haifiki nusu saa. Nilikaa dirisha la kushoto, upande wa bahari. Ilikuwa Mei, na jua lilikwisha acha kuzama tangu katikati ya Aprili. Milima ilikuwa myeupe mpaka chini, barafuto zimelala katikati yake, kisha hori la Kongsfjorden likafunguka, maji meusi yasiyo na barafu. Zamani hori hili liliganda karibu kila majira ya baridi. Tangu 2006 maji ya Atlantiki yenye uvuguvugu yamekuwa yakiingia kwa wingi, na barafu ya bahari imekuwa haba.

Ny-Ålesund iko nyuzi 78 na dakika 55 kaskazini. Si mji wa familia. Ni makazi ya watafiti na ya wafanyakazi wanaowahudumia, watu wachache sana wakati wa giza na zaidi ya mia wakati wa kiangazi. Wanorwe wapo, Wajerumani na Wafaransa wana kituo cha pamoja, Waitaliano wana chao, Wahindi, Wachina, Wakorea, Wajapani na Waingereza vilevile. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Tromsø, niliyefundisha kemia kabla ya kushika kalamu, na nilikuwa nimeomba kwa muda mrefu nafasi ya kufuatana na watu wanaopima salfa. Nilitaka kuona kwa macho yangu jambo nililolisoma miaka mingi: kwamba vijimea visivyoonekana kwa jicho, vinavyoelea baharini, hutoa gesi, gesi ikageuka asidi hewani, asidi ikaanguka na theluji, na theluji ikihifadhika, ikabaki na kumbukumbu ya bahari ya mwaka ule.

Tulipotua tulisomewa masharti. Simu zizimwe mawimbi yote, maana karibu na makazi kuna antena za kupokea mawimbi hafifu mno kutoka nje kabisa ya kundi letu la nyota, ambazo husaidia kupima mzunguko wa dunia. Milango haifungwi kwa ufunguo, ili anayekutana na dubu mweupe akimbilie nyumba yoyote iliyo karibu. Anayetoka nje ya makazi afuatane na mtu mwenye bunduki aliyefunzwa kuitumia. Hayo niliyapokea kama mgeni apokeavyo desturi za mwenyeji.

Kabla ya sayansi, mahali hapa palikuwa mgodi. Injini ya treni iliyovuta makaa ya mawe bado imesimama karibu na bandari, na nje kidogo ya makazi upo mlingoti ambao puto la Norge lilifungwa mwaka 1926 kabla Amundsen, Ellsworth na Nobile hawajavuka Ncha ya Kaskazini kuelekea Alaska. Lakini kumbukumbu nzito ni ya tarehe 5 Novemba 1962, mlipuko wa mgodini ulipoua watu 21. Mgodi ukafungwa mwaka uliofuata, na uchunguzi wa maafa yale ukaiangusha serikali ya Einar Gerhardsen kule Oslo. Nilisimama mbele ya injini ile kwa muda. Makaa ya mawe yana salfa ndani yake. Yakichomwa, salfa huruka. Kwa hiyo kijiji kilichochimba kimojawapo cha vyanzo vya salfa ya hewani ndicho sasa kinachoipima chembe kwa chembe, na jengo walimooga wachimbaji baada ya zamu, liitwalo Gruvebadet, limekuwa maabara ya Waitaliano ya kupima erosoli, yaani vumbi na matone madogo mno yanayoelea hewani.

Huko ndiko nilikoanzia kazi. Mwenyeji wangu alikuwa mtafiti wa Kiitaliano ambaye nilimwita Daktari, kwa desturi yetu, ingawa wenzake wote humwita kwa jina lake la kwanza. Tulitembea asubuhi kwenye njia iliyosafishwa theluji, yeye na bunduki begani, mimi na kisanduku cha filta. Gari halipiti kule bila sababu. Moshi wa gari moja ukielekea upande wa maabara unatosha kuchafua sampuli ya siku nzima.

Juu ya paa kuna mabomba yanayovuta hewa kwa pampu. Hewa hupita kwenye filta nyeupe ya tefloni, na chembe hubaki juu yake kama machicha yabakivyo kwenye kifumbu tui likishakamuliwa. Tofauti ni kwamba kinachobaki hapa hakionekani. Filta iliyokaa saa 24 kwenye hewa safi ya ncha ya dunia hutoka nyeupe vilevile ilivyoingia. Uzito wa kile tunachokitafuta huhesabiwa kwa nanogramu kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu.

Ndiyo maana Daktari alinifundisha kwanza habari ya filta tupu. Kila baada ya muda filta moja hutolewa kwenye pakiti, huwekwa kwenye chombo, hufungwa, kisha hutolewa bila pampu kuwashwa. Hupitia mikono ileile, koleo lilelile, mfuko uleule, friji ileile. Ikipimwa baadaye huonyesha ni kiasi gani cha salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, kimetoka kwetu sisi, kwenye glavu zetu na pumzi zetu, na kiasi hicho huondolewa kwenye hesabu ya filta nyingine zote. Nimewahi kufanya kazi na watu waangalifu, lakini uangalifu wa aina hii, wa kujipima mwenyewe kwanza kabla ya kuipima dunia, ulinigusa sana. Nadhani mtu asiyeuona hawezi kujua kwa nini takwimu za mahali kama hapa zinastahili kuaminiwa.

Baharini tulikwenda alasiri moja yenye utulivu, kwa mashua ya kazi, tukiwa tumevaa mavazi mazito ya kuokolea maisha. Mwanabiolojia mmoja wa Kinorwe aliteremsha wavu wenye matundu madogo sana, akauvuta polepole, akamimina kilichopatikana kwenye chupa. Maji yalikuwa na rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani, na ndani yake vilielea vidonge vidogo vya utelezi. Hivyo, alisema, ni makoloni ya kijimea kiitwacho Phaeocystis pouchetii. Jua linaporudi baada ya usiku wa miezi, vijimea hivi na vingine vyenye magamba ya silika hulipuka kwa wingi, na hori zima hubadilika rangi. Aliifungua chupa akanipa ninuse. Ilikuwa harufu ya pwani maji yakitoka, ileile niliyoijua tangu utotoni.

Harufu hiyo kwa sehemu kubwa ni gesi moja, daimethili salfaidi, ambayo kila mtu huku huiita DMS. Kijimea huhifadhi mwilini mchanganyiko wenye salfa uitwao DMSP. Hukisaidia kuhimili chumvi, na inaaminika pia hukikinga dhidi ya baridi. Vijimea vinavyoishi ndani ya barafu ya bahari, kwenye vijishimo vyenye maji ya chumvi kali, hujaza DMSP nyingi mno. Kijimea kikifa, kikishambuliwa na virusi au kikitafunwa na wadudu wa majini, DMSP humwagika, vimeng'enyo huivunja, na DMS huzaliwa. Sehemu kubwa huliwa na bakteria mumo humo majini. Kiasi kidogo huponyoka kwenda hewani, lakini kidogo hicho, kwa bahari zote za dunia, kinakadiriwa kufika karibu tani milioni 28 za salfa kwa mwaka. Hakuna chanzo kingine cha asili kinachotoka kwa viumbe kinachokaribia hicho.

Kwa muda mrefu hili halikujulikana. Wataalamu waliona kwamba mito hupeleka salfa baharini mwaka hadi mwaka, na kwamba lazima iwepo njia ya kuirudisha nchi kavu, maana mimea ya bara haikosi salfa. Wengi walidhani njia hiyo ni gesi ya mayai viza, haidrojeni salfaidi. Mwanasayansi James Lovelock hakuridhika. Mwaka 1971 alipanda meli ya utafiti Shackleton kutoka Uingereza kuelekea kusini akiwa na chombo alichojitengenezea mwenyewe, akapima maji njiani, akakuta DMS kila alikopita. Makala yake na wenzake ilitoka 1972. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa nadharia kubwa zilizomletea sifa baadaye, kwa sababu pale alikwenda baharini akapima.

Tukiwa bado majini, ndege wa kijivu wenye mabawa yaliyonyooka walipita chini karibu ya kugusa maji, wakageuka, wakarudi. Walikuwa fulma. Ndege wa ukoo wao wanajulikana kwa pua kali. Katika bahari ya kusini mtafiti Gabrielle Nevitt alionyesha, mwaka 1995, kwamba baadhi yao huifuata DMS. Panapotafunwa vijimea ndipo penye wadudu wa majini, na penye wadudu pana chakula cha ndege. Kwa hiyo gesi tunayoihangaikia kwa pampu na maabara ndege hawa huisoma kwa pua kutoka mbali, usiku na kwenye ukungu. Mwanabiolojia aliniambia hilo bila kuacha kuandika lebo za chupa zake, nami nikawa siwezi kuwatazama wale ndege kama nilivyowatazama mwanzo.

DMS hewani haikai. Baada ya siku moja au mbili huwa imeshambuliwa na vipande vya molekuli vinavyozalishwa na mwanga wa jua. Hapo njia hugawanyika, na mgawanyiko huo ndio kiini cha habari yote hii. Njia moja hupitia salfa dayoksaidi na kuishia asidi ya salfuriki, ambayo kwenye chembe tunaiona kama salfeti. Njia nyingine huzaa asidi ya methanisalfoniki, MSA. Hewa ikiwa baridi, njia ya MSA hupata nguvu. Ikiwa ya joto, njia ya salfa dayoksaidi hushinda. Bahari ya Hindi mbele ya Tanga na Pemba nayo hutoa DMS kila siku, lakini katika joto lile sehemu kubwa yake huishia salfeti, na MSA huwa kidogo. Huku kwenye ncha za dunia mizani hubadilika. Na njia si mbili tu: vipimo vilivyofanywa kwenye ndege ya NASA juu ya bahari kuu, vilivyotangazwa 2020, vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya DMS hupitia kwanza mchanganyiko mmoja ambao hapo nyuma hakuna aliyekuwa ameupima hewani. Baada ya nusu karne ya utafiti, mlango mpya.

Thamani ya MSA ni kwamba haina mzazi mwingine wa maana. Salfeti ni tofauti. Ina wazazi wengi. Hilo nilielezwa vizuri zaidi nilipopanda mlima Zeppelin.

Kituo cha Zeppelin kiko mita 474 juu ya bahari, na hufikiwa kwa kibanda kidogo kinachoning'inia kwenye waya. Upepo ukizidi, hakuna anayepanda. Tulipofika juu hori zima lilikuwa miguuni petu, na mbali upande wa mashariki vilele vitatu viitwavyo Tre Kroner. Nilisema hewa ni safi. Fundi wa kituo, kijana aliyekuwa amekaa kule majira ya baridi yote, aliniomba nitazame upeo wa macho kwa makini. Kulikuwa na utando mwembamba, wa rangi isiyo kijivu wala kahawia. Ulikuwa moshi wa mbali. Mwishoni mwa baridi na mwanzo wa machipuo hewa ya Ulaya na Urusi husukumwa kaskazini, na kwa kuwa mvua na theluji ni chache, uchafu hukaa wiki nyingi bila kuoshwa. Viwanda vya kuyeyusha madini ya nikeli kama vile vya Norilsk vimechangia salfa nyingi katika utando huo kwa miongo mingi.

Ndani ya kituo Daktari alifungua grafu ya mwaka uliopita kwenye kompyuta. Salfeti ilikuwa juu Machi na Aprili, kisha ikateremka kadiri kiangazi kilivyoingia. MSA ilikuwa karibu na sifuri wakati wote wa giza, kwa sababu bila mwanga vijimea havistawi. Ikaanza kuinuka jua liliporudi, ikapanda Mei, ikaendelea kiangazi. Mstari mmoja ulishuka huku wa pili ukipanda. Yaani salfeti ya Aprili ni ya mabomba ya moshi zaidi, na ya Julai sehemu yake kubwa imetoka baharini, ingawa mashine huiandika kwa jina lilelile.

Kuitenganisha huanza na chumvi. Maji ya bahari yana salfeti yake yenyewe, na mawimbi yakivunjika, matone yake hurushwa hewani. Lakini uwiano ni ule ule bahari zote: kwa kila gramu moja ya sodiamu kuna takriban robo gramu ya salfeti. Basi hupimwa sodiamu, hupigwa hesabu, na salfeti ya chumvi huondolewa. Kinachobaki ni cha viumbe, cha volkano au cha binadamu. Hesabu hii ni nyepesi mpaka baridi iwe kali: maji ya bahari yakiganda, chini ya nyuzi 6 hivi za hasi, chumvi ya sodiamu salfeti hujitenga na kubaki kwenye barafu, na matone yanayorushwa kutoka hapo huwa na upungufu wa salfeti. Katika pwani ya Antaktika, majira ya baridi, hesabu huweza kutoa jibu lililo chini ya sifuri. Mara ya kwanza nilipolisoma hilo nilidhani ni kosa la chapa. Ni barafu ya bahari ndiyo iliyokuwa ikijitambulisha.

Baada ya chumvi huja isotopu. Salfa ina atomu nyepesi na nzito kidogo, na mchanganyiko wake hutofautiana: salfa inayotokana na bahari ina sehemu kubwa zaidi ya atomu nzito kuliko ile ya makaa, mafuta na viyeyusha madini. Kipimo hiki kinahitaji sampuli kubwa na subira kubwa, ila ndicho kinachoweza kusema salfeti hii ni ya nani.

Siku ya theluji ilikuwa siku ya jasho. Tulipanda kwenye barafuto ya Austre Brøggerbreen, tukaziacha pikipiki za theluji mbali, upande unakoelekea upepo, tukatembea tukiukabili. Tulivaa suti nyeupe za plastiki juu ya makoti, glavu juu ya glavu. Shimo lilichimbwa kwa sepetu hadi tukagusa barafu ngumu ya mwaka wa nyuma, kisha ukuta mmoja, ule ambao hakuna aliyeukaribia, ukakwanguliwa upya kwa chombo kisafi. Kutoka ukuta huo tulijaza vichupa, kimoja baada ya kimoja, toka juu kwenda chini, kila sentimita kadhaa. Mazungumzo yalikoma. Hata kupumua mtu alipumua kwa upande.

Ukutani zilionekana tabaka: theluji laini juu, kisha punje punje, na katikati yake mabamba ya barafu yenye kung'aa. Daktari aliyagusa kwa ncha ya kisu na uso wake ukabadilika. Mabamba hayo ni mvua. Mvua iliyonyesha katikati ya majira ya baridi, Svalbard, ikapenya kwenye theluji na kuganda. Maji yakipita hivyo huchukua asidi na salfeti mapema kuliko vitu vingine na kuziteremsha chini, na theluji iliyokuwa imepangika wiki kwa wiki huvurugika. Mvua za aina hii zimeongezeka kadiri visiwa hivi vinavyopata joto, na Svalbard inapata joto haraka kuliko karibu mahali popote duniani. Watu waliokuwa wakisoma theluji hii wanaona kurasa zikilowa mikononi mwao. Sikuwa na la kusema. Nilishika kichupa kilichofuata.

Ndiyo sababu historia ndefu hutafutwa kwenye barafu isiyoyeyuka, juu kabisa ya Greenland na kwenye Antaktika, ambako miche ya barafu, yaani nguzo ndefu nyembamba, huchimbuliwa kwa kekee. Ile ya Dome C, Antaktika, imerudi nyuma miaka 800,000. Asidi ya mlipuko wa volkano ya Tambora wa 1815 imo kwenye barafu za ncha zote mbili. Hata huko MSA haitulii: mahali panapopata theluji kidogo sana hutoroka tena hewani, na kwingine husogea polepole ndani ya barafu kutoka tabaka la kiangazi kwenda la baridi. Pamoja na hayo, kwenye Law Dome, pwani ya Antaktika mashariki, theluji ni nyingi na kumbukumbu ni nzuri. Mwaka 2003 watafiti waliilinganisha MSA ya huko na eneo la barafu ya bahari, wakahitimisha kwamba katika sehemu ile barafu ya bahari ilipungua kwa karibu asilimia 20 tangu miaka ya 1950. Satelaiti hazikuwapo kuihesabu mwanzoni mwa kipindi hicho. Vijimea vilikuwapo.

Habari ya Greenland ndiyo iliyonikalisha na Daktari hadi usiku, kama unaweza kuitwa usiku jua likiwa dirishani. Tulikuwa kwenye ukumbi wa chakula, viatu tumeviacha mlangoni kama wote. Mwaka 2019 ilitoka makala iliyoonyesha kwamba MSA kwenye miche ya barafu ya Greenland imepungua tangu zama za viwanda, na waandishi wake wakaona hapo dalili kwamba uzalishaji wa vijimea katika Atlantiki ya kaskazini umepungua kwa asilimia 10 hivi. Ilikuwa habari ya kutisha, na ilienea. Vijimea ndio msingi wa samaki wote wa bahari ile.

Mwaka 2023 kundi jingine likapima kitu cha ziada. Halikutazama MSA peke yake; kwa kutumia isotopu lilitenganisha pia salfeti iliyotokana na DMS. Likakuta kwamba MSA kweli ilishuka, lakini salfeti ya vijimea ilipanda, na mbili hizo zikijumlishwa, salfa ya bahari haikuonyesha kupungua. Kilichobadilika ni njia panda ile ya hewani. Oksidi za naitrojeni kutoka kwenye injini na viwanda vyetu zimebadilisha kemia ya anga, zikaielekeza DMS kwenye njia ya salfeti. Bahari ilitoa kilekile. Moshi wa binadamu ukakigeuza kabla hakijatua.

Nilimuuliza Daktari kama hilo linamtuliza. Alisema hapana. Alikuwa ametumia MSA miaka yote kama shahidi safi wa bahari, asiye na uhusiano na viwanda, na sasa imebainika kwamba hata shahidi huyu ushuhuda wake ulipita mikononi mwa moshi. Halafu akasema sentensi ambayo niliiandika palepale: sasa inabidi tupime vyote viwili, kila mahali, tena. Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa anapanga kazi.

Nami naona hapo ndipo penye uzito wa jambo zima, kwa sababu salfa hii ina kazi angani. Asidi ya salfuriki ikikutana na amonia huweza kuzaa chembe mpya kabisa, na hapa Ny-Ålesund watafiti wameuona mwanzo huo ukitokea. Amonia nyingine hutoka kwenye kinyesi cha ndege waliojaa kwenye majabali kama Ossian Sarsfjellet, mwisho wa hori. Chembe zikikua hadi unene wa kutosha, mvuke hushika juu yake, na wingu hupatikana. Kiangazi, utando wa moshi ukishaondoka, hewa ya Aktiki huwa na chembe chache mno, kiasi kwamba ongezeko dogo hubadilisha mawingu. Juu ya maji meusi wingu hurudisha mwanga wa jua na kupoza; juu ya theluji, ambayo tayari ni nyeupe, wingu laweza kuzuia joto lisitoke na hivyo kupasha.

Mwaka 1987 wanasayansi Charlson, Lovelock, Andreae na Warren walipendekeza kwamba huenda vijimea na mawingu hudhibiti joto la dunia kwa pamoja: joto likizidi, DMS huongezeka, mawingu huwa meupe zaidi, joto hushuka. Ni wazo zuri, na limezaa utafiti wa zaidi ya miongo mitatu. Mwaka 2011 Quinn na Bates walilipinga kwa hoja nzito, wakionyesha kwamba chembe za mawingu zina vyanzo vingi na kwamba kila hatua ya mnyororo ule ni dhaifu kuliko ilivyodhaniwa. Mimi nakubaliana nao kuhusu dunia kwa jumla. Lakini kwa Aktiki ya kiangazi, ambako vyanzo vingine ni haba na barafu ya bahari inarudi nyuma kuacha maji wazi yenye mwanga, swali bado liko hai, na nchi za Ulaya zinavyozidi kupunguza salfa ya viwanda, na meli za dunia tangu 2020 zikiwa zimewekewa kikomo cha asilimia 0.5 ya salfa kwenye mafuta badala ya 3.5, fungu la bahari linazidi kuwa kubwa katika kilichobaki.

Nilitumia siku zilizosalia Gruvebadet nikibadilisha filta pamoja na Daktari, na mara mbili aliniachia nifanye mwenyewe huku akitazama. Mawimbi ya hori yalizidi kuwa ya kijani. Bata bukini wa kwanza walitua kwenye vipande vya ardhi vilivyoanza kuonekana kati ya nyumba.

Vichupa vya theluji vilipakiwa vikiwa vimeganda, filta zikafungwa moja moja, na kila kisanduku kikabandikwa orodha yenye tarehe, saa na upande wa upepo. Vitasafiri hadi Italia. MSA na sodiamu zitapimwa kwanza, maana sampuli ndogo inatosha. Nusu ya kila filta itatunzwa kwa ajili ya isotopu. Daktari atarudi Julai, utando ukiwa umekwisha, kupima salfa ya bahari ikiwa na uchafu kidogo kuliko wakati wowote wa mwaka, na ameniomba nitume jina langu mapema kwa sababu vitanda vya kiangazi hujaa. Nilituma jioni ileile niliyofika Longyearbyen na simu yangu ikapata mawimbi.